Waya wa Kijani na Kandambili za Mlangoni

Nitegeeni masikio, ndugu zangu, niwasimulie yaliyomfika jirani yangu, seremala ambaye mtaa mzima tulimwita Bwana Nadhifu.

Asubuhi ile jiko lake jipya lilinukia vanishi. Makabati yalijipanga ukutani, milango ikijifunga bila sauti, na mkewe akiyapangusa kwa furaha, kwa kuwa mama mzazi wa seremala angehamia kwao wiki hiyo. Zilibaki soketi mbili na taa ndefu ya bati chini ya makabati, ili mama huyo mwenye macho hafifu aone anachokikata.

Fundi umeme aliutazama mfereji aliouchonga seremala nyuma ya mbao, akatikisa kichwa.

“Mwembamba huu. Nyaya ni tatu, nawe umeacha nafasi ya mbili.”

“Huo wa kijani uache. Taa si itawaka?”

“Itawaka. Ila umeme ukivuja, wa kijani ndio unaoupeleka ardhini. Chonga upya.”

“Niiharibu kazi yangu? Wewe unajua mbao au unajua nyaya?”

“Najua maiti za umeme,” akajibu fundi, akafunga mkoba wake, akaenda zake.

Bwana Nadhifu akaukata waya wa kijani kwa koleo, akaifunga taa mwenyewe. Ikawaka. Akacheka mpaka magego yakaonekana.

Siku ya pili mkewe aliurudisha mkono ghafla.

“Baba watoto, taa yako inaniuma!”

“Tangu lini taa ikaota meno? Hebu vaa kandambili.”

Akavaa, na kweli haikumuuma. Hapo ndipo panaponitia uchungu, ndugu zangu, kwani nyumba ile iliizoea hatari. Pea tatu za kandambili ziliwekwa mlangoni mwa jiko, na kila aingiaye akazivaa, hata watoto, kana kwamba ndiyo adabu ya nyumba.

“Mama anakuja keshokutwa,” mke akasihi. “Mrudie fundi, mume wangu.”

“Tutamwambia avae kandambili. Kwani mama ni mtoto?”

Mama alifika, akaambiwa, akaitikia. Lakini mwanamke yule maisha yake yote hakupata kukanyaga sakafu safi ya mtu kwa viatu. Adhuhuri ya siku ya tatu tangu afike alitoka kutawadha, miguu ikichuruzika maji. Akaona sakafu inavyong’aa. Akazivua kandambili, akazipanga vizuri mlangoni, asimchafulie mkwewe kazi. Kisha akanyoosha mkono kuipangusa taa vumbi.

Mkwewe, aliyekuwa uani, alisikia bakuli likivunjika, halafu kimya. Alikimbilia swichi kuu, akaizima. Amri ya Mola ilikwisha kupita.

Baada ya maziko, Bwana Nadhifu aliing’oa taa. Skrubu yake mwenyewe ilikuwa imeuchuna waya wa moto, ule uletao umeme, hadi ukagusa bati. Kando yake kilichungulia kipande cha waya wa kijani, kimekatwa sawasawa, kwa unadhifu mkubwa.

MAFUNZO

Kuukata waya lilikuwa kosa, na binadamu hukosea. Kubwa kuliko hilo ni zile kandambili: kuonywa, kisha kutafuta namna ya kuishi na hatari. Kitu cha nyumbani mwako kikiwauma watu wako, usiwafundishe kukikwepa. Kizime, mwite ajuaye, hata ikibidi uvunje kazi ya mikono yako. Roho zilizo chini ya paa lako ni amana, nawe utaulizwa.