Nta ya Kweli kwa Mikono ya Thanasis

Kila alfajiri mume wangu, Thanasis, hukamua mbuzi wetu. Majira yale ya baridi mikono yake ilipasuka mpaka ikavuja damu. Ilikwaruza chuchu za mbuzi, nao wakawa wanarusha mateke na kumwaga maziwa.

"Mwisho wa mwezi mnunuzi akija, nawauza wote," alisema.

Nilishtuka. Bila mbuzi tungeishije?

Mama mkwe wangu, Pelagia, hakubabaika hata kidogo. Kijijini kwetu marhamu ya kupaka mikono hutengenezwa kwa nta na mafuta ya zeituni. Basi akaokota vipande vya mishumaa kanisani, akaviyeyusha, akachanganya na mafuta. Kesho yake tukakuta chenga tupu, mafuta yakielea juu.

"Umeyatia jicho baya, wewe!" akanigeukia.

"Mimi tena? Mama, jamani!"

Nilikasirika, nikaenda kumwita jirani yetu Evanthia, mfuga nyuki, akaja na bonge la nta. Alinusa kipande cha mshumaa, akacheka.

"Mama Pelagia, hii si nta ya nyuki. Imetokana na mafuta ya petroli."

"Imebarikiwa na padri!"

"Hata ingebarikiwa mara mia, mama yangu. Mishumaa mingi siku hizi ndivyo ilivyo. Nusa hii yangu."

Pelagia alinusa. "Asali," akanung'unika.

"Ndiyo yenyewe. Nta ya nyuki huyafanya mafuta yawe mazito, na huyashika yasijitenge."

Evanthia aliweka bakuli la nta na mafuta ndani ya sufuria ya maji ya moto. "Usiiweke motoni moja kwa moja, itawaka. Nta kipimo kimoja, mafuta vinne." Nta ilipoyeyuka, alidondosha tone kwenye sahani baridi. Likaganda, laini. "Likiwa gumu, ongeza mafuta. Likiwa jepesi, ongeza nta. Na kopo liwe kavu, maji yasiingie."

Tangu siku hiyo, kila jioni Thanasis alinawa, akajifuta, akajipaka. Mama yake alimsimamia. "Na huku! Vidole navyo, mvivu wee!"

Mipasuko ikaziba. Mbuzi wakatulia, ndoo zikajaa.

Mwisho wa mwezi mnunuzi alifika. Thanasis alimpa mkono, akamminya mpaka mwenzake akaguna.

"Karibu kahawa, ndugu yangu," alisema. "Mbuzi hawauzwi."