Jirani Aliyetoka Jangwani

Kiti kilikuwa na joto. Wangare aliinua mkoba wake ili atoe dawa za presha, mkono ukagusa pale mkoba ulipokuwa, akahisi joto la mahali ambapo mtu ameketi saa nzima na kuinuka sasa hivi. Na mkoba, jamani, hauna makalio.

Aliufuta mkono kwenye gauni, akatazama nje. Basi lilikuwa linateremka kutoka Kinungi kuelekea Naivasha, limebeba wanawake kumi na tisa wa kanisa moja la Nakuru, waliovimba miguu na kukauka midomo, waliotua alfajiri kutoka Jordan. Ziara ilikuwa imekwisha. Kilichobaki ni kila mtu kushushwa karibu na kwake akaoge.

Kiti kile kilikuwa cha Adero. Adero alikuwa amelipia safari na kununua viatu vya kutembelea jangwani, kisha wiki tatu kabla ya kuondoka moyo wake ukasimama akiwa jikoni anapika omena. Wangare alikataa kabisa nafasi ile apewe mtu mwingine. Katika kila basi la Jordan aliweka mkoba ubavuni mwake, akasema hapo ni pa Adero, na kina mama wakamwachia.

Hilo peke yake halikuwa na neno. Lakini kiongozi wa msafara alikuwa Nekoye, rafiki yake wa miaka thelathini, mwalimu mstaafu, na mwalimu hastaafu hata umnyang'anye chaki. Nekoye hakuhesabu vichwa. Alifanya vile alivyowafanyia watoto wa shule katika kila safari: basi kabla halijaondoka alisimama mbele akapaza sauti, "Angalia jirani yako! Jirani yuko?" Wote wakaitika, "Yuko!" Wangare naye akautazama mkoba, kwa uchungu wa Adero akaitika, "Yuko." Mara tatu kwa siku, siku nane, katika nchi ya mapango na mchanga ambamo hakuna ajuaye nani anasikiliza. Ulimi uliponza kichwa, wahenga walisema, na walijua walichosema.

Kule Jordan, ndani ya hema la jangwani, mzee mmoja Mwarabu aliyewaandalia chai alimwekea Wangare gilasi mbili. Alitazama ubavuni mwake, akashusha macho, akaondoka kinyumenyume. Siku ile Wangare alicheka na kuzinywa zote mbili.

Naivasha walishuka wanne. Nekoye akasimama, sauti imekauka. "Haya mama zangu, angalia jirani yako. Jirani yuko?"

Safari hii Wangare aliuma midomo.

"Yuko," kiti cha pembeni kikajibu.

Ilikuwa sauti yake mwenyewe, pamoja na ule mkwaruzo wa mafua aliyoyapata kwenye ndege. Hakuna aliyegeuka. Kwa nini wageuke, nao wamemsikia Wangare, Mama Lynn wao, akiitika kama kawaida? Ndipo harufu ikapanda, ya jiwe lililochomwa na jua kisha likamwagiwa maji, na ndani yake nywele zilizoungua. Wangare aliinuka, akaenda kuketi mbele na Nekoye.

"Nekoye," alinong'ona. "Kuna kitu kwa kiti cha Adero."

"Umechoka, Mama Lynn. Hujalala tangu juzi."

"Imeitika na sauti yangu. Mimi sijafungua mdomo, naapa mbele ya Mungu."

Nekoye alitaka kucheka. Lakini Gachanja, dereva waliyemkodi pamoja na basi, akatazama kioo chake kidogo cha juu na kusema polepole, "Mathe, na yule mama amejifunika nyeusi tutamshukisha wapi?"

"Mama gani?"

"Si yule alikuwa amekaa na huyu mathe. Tangu tutoke Nairobi ananiangalia tu na hii kioo, hata hapepesi macho."

Nekoye aligeuka akatazama nyuma. Wangare hakugeuka, aliona tu mkono wa rafiki yake ukitafuta wake na kuushika kwa nguvu.

Simu ikalia ndani ya gauni. Ni Lynn, bintiye: "Mum mmefika wapi? Mimi na mtoto tunakungoja." Mimba ya miezi minane. Mbili za kwanza zilitoka, moja ya miezi saba, na Wangare ndiye aliyeikunja ile shuka ndogo kwa mikono yake, na safari hii daktari alikuwa amesema msichana alale, apumzike, asishtuliwe na chochote, ndiyo maana akaletwa kwa mama yake Milimani, na sasa basi lilikuwa linapita Gilgil, linapita Mbaruk, linamkaribia Lynn kila dakika, na nyuma huko kiti kililia kidogo kila kona, kama vile viti hulia chini ya mtu mzito anayejiweka sawa ili asipitwe na kituo chake.

Kabla hawajafika, Nekoye alimpigia Mzee Nicodemus, mzee wa kanisa anayejulikana kwa kuombea watu wenye mapepo. Wakamkuta kwenye uwanja wa kanisa, Nakuru, jua la saa nane likiwaka. Kina mama walishuka, wakakumbatiana, wakaburuta masanduku yao wakaenda. Mzee akaingia ndani ya basi peke yake na Biblia. Walimsikia akiomba, akikemea, sauti ikipanda hadi ikapasuka. Alipotoka, shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Hii haiondoki na kelele," alisema. "Imeletwa na ushahidi. Mama Lynn, umeshuhudia mara ngapi kwamba ni jirani yako? Sasa inaenda mahali unaenda."

"Na nikimkana?"

"Itashika damu yako iliyo karibu. Kwako nyumbani kuna nani?"

Wangare aliishika ile simu ndani ya gauni.

"Ama mtu mwingine aichukue kwa hiari yake," mzee aliongeza, akitazama viatu vyake. "Na huyo sitamtafuta mimi."

"Basi siendi nyumbani," Wangare alisema. "Nitalala kwa hii basi. Nitarudi nayo Jordan, niuze shamba, sijali, lakini kwa Lynn haifiki!" Alikuwa analia bila kujifuta, mwanamke wa miaka hamsini na nane, katikati ya uwanja mchana kweupe.

"Mum?"

Lynn alikuwa langoni. Amechoka kungoja, amekuja na teksi. Anatembea polepole, mkono mmoja chini ya tumbo, anatabasamu.

Basi likainuka upande mmoja, kama linavyoinuka abiria mnene akishuka. Mchanga mwekundu ukadondoka kwenye ngazi, kisha chini, kisha hatua moja mbele, kisha nyingine, ukielekea langoni bila haraka, na Wangare, ambaye angetupa mwili wake mbele ya treni kwa ajili ya mtoto yule, hakuwa na kitu cha kuzuia kwa sababu hakuona kitu, na hofu ikamtoa neno ambalo mzee alikuwa amemwonya juu yake sasa hivi.

"Si jirani yangu! Simjui! Si jirani yangu!"

Lynn alisimama ghafla, akajikunja. "Mum," alisema kwa sauti ndogo, "ni nani huyo ananishika tumbo?"

"Yuko!" Nekoye alipiga kelele ile ya mwalimu, ya kusikika uwanja mzima. "Jirani yangu yuko! Wewe, rudi hapa! Yuko na mimi!"

Lynn akavuta pumzi, akanyooka. Bega la kushoto la Nekoye likashuka polepole, mtu akiwa ameliegemea.

"Peleka mtoto nyumbani, Mama Lynn," alisema. "Wangu wa damu wako mbali, na mimi naishi peke yangu."

Wangare angeweza kusema hapana. Miaka thelathini; Nekoye ndiye aliyemshika mkono siku alipomzika mumewe. Alimtazama rafiki yake, akamtazama Lynn, akamshika Lynn mkono na kwenda naye kwenye teksi. Hakusema hata asante.

Mtoto alizaliwa baada ya wiki tatu, wa kike, mzima, mwenye sauti kali. Nekoye hakuja kumwona wala hakushika simu. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, Wangare alijiambia, akapika uji wa wimbi, akautia kwenye chupa ya chai na kwenda Lanet kwa Nekoye.

Aligonga lango hadi vidole vikauma. Mwishowe Nekoye akatokea dirishani, amekonda, nywele zimeingia mchanga. Alipomwona Wangare alitikisa kichwa kwa nguvu, akaonyesha barabara: nenda, nenda. Kisha akafunga pazia.

Mkono mwingine ukalifungua.

Wangare aliiweka chupa chini penye lango. Alitembea, kisha akakimbia, na njia nzima hadi barabara kuu midomo yake ilikuwa inamshukuru Mungu kwamba ni dirisha la Nekoye, si lake, na alipokisikia alichokuwa akisema aliifunika kwa viganja vyote viwili, lakini haikunyamaza.