Viua Vitatu vya Nyuma

Wiki ya mwisho kabla ya Ramadhani, duka la nyuzi la Bwana Fayaz pale Mkunazini lilijaa hadi mlangoni. Kulthum alibanwa kwenye kona ya kaunta, buibui lake likinukia udi. Alikuwa mwalimu wa Kiingereza ambaye sauti yake haikufika madawati ya nyuma. Mbele yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la samawati na kofia nyeupe ya viua iliyoshonwa kisogoni kwa uzi mweusi, tena ule wa viatu. Kulthum alivumilia, akashindwa.

"Samahani kaka. Nani kaijeruhi kofia yako?"

Kijana akageuka, mkono kichwani. "Panya alianza, mimi nkamalizia."

Bwana Fayaz akacheka mpaka miwani ikamshuka. "Msamehe, mwalimu. Huyu Mundhir ni fundi umeme. Anashona kama anaunga waya!"

Kulthum alitoka dukani na uzi wake, na Mundhir akatoka na namba ya simu ya Kulthum. Wakazungumza kila jioni, Mundhir akipiga kutoka Fumba alikokuwa akitia umeme kwenye nyumba mpya.

"Kulthum."

"Naam."

"Nishonee kofia mpya."

Unguja nzima inajua maana ya msichana kumshonea kofia mwanamume asiye ndugu yake.

"Unajua unachoomba, Mundhir?"

"Nnajua, laazizi. Siku utakayonipa, mama anakuja kwenu kuposa. Kabla ya hapo simtumi, nsije nkakulazimisha. Kofia ndiyo jibu lako."

"Basi utaivaa Idi," akasema, akakata simu kwa haya.

Ramadhani nzima, baada ya alasiri, alikaa uani na sindano. Kila kiua ni kitundu kidogo kinachozungushiwa uzi, na kofia moja ina mamia ya vitundu. Kulthum alishona, akakagua, akafumua.

"Umefumua tena?" dada yake Mayasa akapiga kelele. "Kichwa chenyewe hakiko mviringo namna hiyo!"

"Nnataka iwe kamili."

"Kamili, au isiyo na kasoro? Wewe si ndiye unayewafundisha watoto wa watu kwamba hayo ni mambo mawili?"

Kweli aliwafundisha. Waingereza wana neno la kitu kilichokwisha, jingine la kizima kisichopungukiwa sehemu, jingine la kisicho na dosari hata chembe. Ubaoni aliyatenganisha bila taabu. Sindano ikiwa mkononi, yote yalimrudia kuwa kitu kimoja.

Idi ikafika. Pale Mnazi Mmoja, katikati ya bembea na watoto wenye nguo mpya, Mundhir alimjia na kanzu iliyopigwa pasi, kichwa wazi. Akautazama mkoba wa Kulthum.

"Bado," Kulthum akasema.

"Bado nini, mpenzi?"

"Bado tu."

Angesemaje kwamba ni viua vitatu vilivyokwenda upande? Mundhir akatikisa kichwa polepole. Simu zikapungua, hadi ikaja moja fupi.

"Nimekubali kazi ya Pemba, miaka miwili. Naondoka mwisho wa mwezi. Sikulaumu, Kulthum. Umenijibu kwa upole."

"Sijakujibu!"

Simu ilishakatika.

Kulthum akaitwaa kofia. Ilikwisha yote, ila vile vitatu vya kisogoni vimepinda. Akashika mkasi afumue. Kisha akauweka chini.

"Mayasa, nnakwenda Fumba."

"Wewe? Mbele ya wanaume wote wale?"

"Wote."

Fumba jua lilikuwa kali, vumbi la saruji limetanda. Fundi mmoja aitwaye Kificho akamwona kutoka juu ya ngazi. "Mundhir! Umeletewa mkaguzi!"

Kicheko kikazagaa. Kulthum hakusimama mpaka alipomfikia Mundhir.

"Hii hapa. Viua vitatu vya nyuma vimepinda. Nimefumua mwezi mzima kwa ajili yake."

Mundhir akaigeuzageuza. "Idi ulininyima kwa hivi?"

"Ndiyo."

"Mimi nliyevaa uzi wa viatu?"

Kulthum akacheka huku machozi yakimtoka.

"Kama vinakuudhi, chukua ukavitengeneze," Mundhir akasema kwa upole. "Ntangoja."

"Sifumui tena. Haikupungua kitu. Vaa."

Akaivaa. Kisha uso ukamshuka. "Pemba nshatia saini."

"Nenda. Lakini uende ukiwa mume wangu. Mwambie mama aje Ijumaa, baada ya sala."

Mundhir akawageukia wenzake, mikono juu, nao wakapiga makofi kwenye ndoo na mabati. Kisogoni pake viua vitatu vilionekana wazi juani, vimepinda vilevile. Kulthum alivitazama, na mkono wake haukutafuta mkasi.