Sababu: Hakuna Kosa

Jumatano hiyo ilianza kama Jumatano nyingine yoyote. Binti wa jirani yangu, ambaye mtaa mzima tulimwita Msimbo kwa sababu kazi yake ni kuandika programu za kompyuta, aliamka, akampashia mama yake chai na kumfunika miguu kwa shuka. Mama akamuuliza swali lile lile alilomuuliza kila asubuhi kwa wiki sita: "Mwanangu, kaka yako aliteseka?" Naye akajibu jibu lile lile: "Hapana, mama. Alilala tu." Kisha akafunga mlango taratibu, akaenda kazini na uongo wake kifuani.

Kazini kwake ni ghala la kuhifadhia dawa na chanjo, lenye vyumba vitatu vya baridi kali na milango minene kuliko ukuta wa nyumba yangu. Milango hiyo ilifunguliwa kwa kompyuta, na programu ya kuifungua aliiandika yeye, kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, akiwa na miaka ishirini na minne na kichwa kimemvimba kidogo. Kaka yake alikuwa fundi wa majokofu hapo hapo. Walimwita Baridi, na jina lilimkaa, maana mikono yake ilikuwa ya baridi hata akiwa ameshika kikombe cha chai.

Baridi hakujua kuandika programu, lakini kusoma alijua, polepole, midomo ikicheza. Siku moja kompyuta ilimwandikia "Imeshindikana", basi. Akasimama mbele ya skrini na kuanza kuihoji kwa adabu kama anayemhoji mgeni aliyekosea nyumba. Nani ameshindwa? Ameshindwa nini? Kwa nini? Na mimi nifanyeje? Msimbo alicheka hadi machozi. Kaka mtu akachukua kalamu ya wino mzito, akaandika maneno manne kwenye kipande cha katoni, akakibandika pembeni ya skrini ya dada yake: Nani. Nini. Kwa nini. Nifanyeje. Msimbo akaahidi kwamba wiki ijayo ataurekebisha ujumbe wake. "Wiki ijayo ya mwaka gani?" Baridi akamuuliza.

Aliurekebisha kweli, ila kwa haraka. Unajua, programu haifungui mlango yenyewe. Inauomba mfumo wa kompyuta uufungue, na ombi hilo watu wa kazi hiyo huliita wito. Wito ukishindikana, mfumo huacha sababu katika namba moja ndogo, na namba hiyo haina subira: lazima uichukue papo hapo, kabla hujafanya lolote lingine. Msimbo hakuichukua. Kwanza aliiagiza programu ifungue faili la kumbukumbu, mahali pa kuandika kila tukio, kisha, kwa kupenda usafi, iirudishe namba kwenye sifuri. Ndipo iisome na kuiandika, kwenye faili na kwenye skrini. Na sifuri, kwa kompyuta, maana yake hakuna kosa.

Jumamosi moja mchana Baridi aliingia chumba cha tatu kutengeneza mkono wa dharura, ule wa kufungulia mlango kutoka ndani, uliokuwa umevunjika. Mlango ukajifunga nyuma yake. Simu haishiki mtandao mle ndani, na hata ukipiga kelele hakuna anayekusikia. Akabonyeza kitufe cha ndani, kile cha kuiomba kompyuta ifungue mlango. Huku nje, mlinzi wa zamu, mzee wa watu, akaona mstari ukitokea kwenye skrini: "Mlango wa chumba cha 3: imeshindikana. Sababu: hakuna kosa." Aliusoma mara mbili, maana alikuwa mtu makini. Kungekuwa na kosa, angechukua spana na kuufungua mlango kwa nje, kama alivyofundishwa. Hakuna kosa. Akarudi kwenye kiti chake. Mstari ukaja tena, na tena.

Mzee alimkuta jioni, alipokwenda kumwita waondoke, amekwisha kufa.

Mbele ya kamati ya uchunguzi ya ghala mzee alisema kompyuta ndiyo iliyomwambia hakuna kosa, na wajumbe wakatazamana. Skrini ilikuwa imeshajifuta. Wakaandika kwamba alilala kazini na sasa anatunga hadithi. Wakamsimamisha kazi, na mtaani watu wakaacha kumwitikia salamu. Alhamisi, yaani kesho ya Jumatano ile niliyoanza nayo, ndiyo ilikuwa siku ya kuamua kama apelekwe polisi. Mtu mmoja tu angeweza kumwokoa, kwa sababu faili la kumbukumbu lilikuwa bado kwenye mashine ya Msimbo. Lilikuwa na mistari arobaini na mmoja. Alikuwa ameihesabu mara moja, na hakuthubutu kurudia.

Saa nane mchana, Jumatano hiyo, wenzake walikuwa wametoka kwenda kula. Programu alikuwa ameshaitengeneza: namba inachukuliwa kwanza, mengine baadaye. Kazi ya dakika tano. Dakika tano tu zilizokuwa zimemshinda mwaka mzima. Kilichobaki ni lile faili. Akaandika amri ya kulifuta.

"Nisamehe, kaka," akanong'ona, akabonyeza.

Skrini ikajibu: "Kufuta faili kumeshindikana. Sababu: yupo anayelisoma. Cha kufanya: msubiri amalize."

Msimbo akaganda. Maneno hayo hakuyaandika yeye. Mfumo nao hauna maneno hayo. Wenyewe hujibu kikavu, faili halipo, huna ruhusa, basi. Haujawahi kusema "yupo". Akatafuta ni nani aliyelifungua faili. Hakuna mtu. Akachomoa waya wa mtandao, akarudia amri.

"Msubiri amalize."

Kisha faili likafunguka lenyewe.

Mstari wa kwanza ukatokea. Ukakaa. Wa pili. Ukakaa. Haikuwa kasi ya mashine. Ilikuwa kasi ya mtu anayesoma polepole, midomo ikicheza.

Chumba kikaanza kupoa. Kiyoyozi kilikuwa kimezimwa. Mstari wa tisa. Wa kumi. Vidole vikamfa ganzi. Pumzi yake ikaanza kuonekana.

Alitaka kukimbia.  Moyo ukakataa, kwa sababu kama ni yeye, angewezaje kumwacha peke yake mara ya pili? Akakaa. Akasoma naye. Imeshindikana. Hakuna kosa. Imeshindikana. Hakuna kosa. Pembeni ya kila mstari palikuwa na saa. Mwanzoni kitufe kilibonyezwa kila baada ya nusu dakika. Kufikia mstari wa thelathini, ni kila baada ya dakika tano. Kati ya mstari wa arobaini na ule wa mwisho, dakika ishirini na mbili.

Hapo Msimbo alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia hata msibani.

"Kaka?"

 Skrini ikaandika.

"Nani: mimi."

"Nini: nilikuita."

"Kwa nini:"

Pakabaki wazi. Kile kistari cha kuandikia kikawa kinawaka na kuzima. Kikingoja. Msimbo akaelewa kwamba anaulizwa. Chini yake likatokea neno la mwisho, "Nifanyeje:", nalo likabaki wazi vile vile.

Alichapisha mistari yote arobaini na mmoja. Akaichukua karatasi hadi ofisini kwa mkuu wa ghala, akasema kila kitu akiwa amesimama, bila kujitetea. Mzee mlinzi akaitwa. Aliposhika karatasi na kuuona mstari wake, ule ule, alivua kofia. "Nilianza kuamini nimechanganyikiwa, binti yangu," akasema. Hakumlaumu. Msimbo anasema angemlaumu ingekuwa afadhali.

Jioni alifika nyumbani. Nilikuwepo, nilikuwa nimeenda kumjulia hali mama yake, na nilipotaka kutoka Msimbo akaniambia nikae tu. Akapiga magoti kando ya kitanda.

"Mama, nilikudanganya. Hakulala. Aliita, na mlango ukakataa."

"Aliita mara ngapi?"

"Arobaini na moja."

"Mlango ulikataa kwa nini?"

"Sijui, mama. Sababu ilikuwepo. Niliifuta mimi kabla sijaisoma. Hatutaijua kamwe."

Mama akafumba macho. Nikaangalia saa ya ukutani kwa kukosa pa kuangalia. Ilikuwa saa moja kasoro dakika kumi. Nilitamani ardhi inimeze. Hatimaye mama akasogeza shuka kidogo kwa mguu.

"Miguu yangu imeshika baridi," akasema. "Nifunike, mwanangu." Msimbo akamfunika, na wote wawili wakalia, nami nikawaacha.

Asubuhi ya Alhamisi mlango wa chumba cha tatu ulikutwa wazi kabisa. Ulikuwa umekatwa umeme tangu msiba, kitufe kimeng'olewa, na mnyororo uliowekwa na kamati ulikuwa sakafuni, kufuli lake bado limefungwa. Mzee mlinzi alirudishwa kazini siku hiyo hiyo. Msimbo aliandika barua ya kuacha kazi, na kabla ya kuondoka akalifungua lile faili mara ya mwisho. Lilikuwa na mistari arobaini na miwili. Programu yake huandika kushindwa tu. Hakuwahi kuifundisha kuandika mlango unapofunguka. Mstari wa mwisho unasema: "Mlango wa chumba cha 3: umefunguka." Saa iliyoandikwa ni ya Jumatano, saa moja kasoro dakika kumi jioni. Mahali pa sababu hapana kitu.

Aliuchapisha mstari huo peke yake, akampelekea mama yake, naye anauweka chini ya mto. Nimeushika mimi mwenyewe, adhuhuri, jua likiwa kali, kitanda kikiwa na joto la mgonjwa. Karatasi ile ni ya baridi. Mama huiweka shavuni kila asubuhi, na siku hizi hamuulizi tena binti yake swali lolote.