Mvua ya Aprili, Mauche

Tabby alikuwa amezamisha mikono yote miwili ndani ya karai, akifunga kifuniko cha kichupa chini ya maji, huku akina mama wenye mitungi wakimnung'unikia kwenye bomba la sokoni Nakuru. Alikuwa amevaa koti jekundu la mvua, na jua likiwaka. Kimaiyo, aliyekuwa ametoka kushusha viazi vya kwao Mauche, alisimama akamtazama.

"Madam, samaki ameingia?"

"Hewa ndiyo sitaki iingie," Tabby alijibu bila kugeuka. "Na wewe boss, unaniziba mwanga."

Alipomaliza alimweleza kazi yake ya utafiti wa maji. Mvua ya milimani si sawa kabisa na ya mjini. Kila moja ina alama yake, ambayo mashine pekee huiona. Ukiijua alama ya mvua ya Mauche, unaweza kuitafuta kijitoni, ndani ya shina la mti, hata kwenye kisima kirefu cha mjini, ujue maji yalikopitia.

"Mauche ni kwetu," Kimaiyo alisema. "Nikukingie?"

Mapenzi yalianzia hapo. Tabby alimpa chombo cha kukingia, vichupa, na sharti moja: kila kichupa kijae mpaka mdomoni, maana maji yakiachiwa nafasi hugeuka mvuke na alama hubadilika. Kila iliponyesha, simu ililia.

"Imenyesha, mrembo."

"Nyingi?"

"Kama umenimiss, nyingi. Kama hujanimiss, manyunyu."

"Basi ni mafuriko, Kim."

Lakini Aprili ilileta manyunyu ya kweli, kisha ikakauka. Maji hayakufika hata nusu ya kichupa. Kimaiyo akakumbuka sharti. Alishuka kijitoni, akajazia, akafunga chini ya maji kama alivyofundishwa. Alirudi akipiga mluzi.

Juni, Tabby alipiga simu. Hakumwita Kim.

"Kimaiyo, kile kichupa cha Aprili ulikijaza na nini?"

Alimweleza, hakuficha kitu.

"Nimesimama mbele ya wakubwa wangu," Tabby alisema polepole, "nikawaambia mvua ya Mauche inafika kijitoni papo hapo. Kumbe nilipima kijito kilekile mara mbili, nikidhani kimoja ni mvua."

"Niambie nifanye nini."

"Hakuna. Ile mvua imeshaenda."

Baada ya hapo hakupokea simu. Julai ilinyesha sana. Kimaiyo alikinga, akajaza vichupa mpaka mdomoni, akavipanga dirishani, akijua hakuna hata kimoja kilichokuwa na Aprili ndani yake.

Alasiri moja boda boda ikasimama langoni. Tabby akashuka na gambuti na chuma kirefu cha kutobolea udongo.

"Sasa," alimsalimu.

"Poa," Kimaiyo alisema, akikosa pa kuiweka mikono.

"Nilikuambia kijae. Sikukuambia ikinyesha kidogo utumie kichupa kidogo. Hilo lilikuwa langu." Aliangalia shamba. "Mradi unafungwa mwisho wa mwezi. Labda chini huko udongoni mvua ya Aprili imebaki kidogo. Labda ya Julai imeshaisukuma, na hatutajua ilikoenda."

"Na ukikosa?"

"Nitapelekwa kazi Lodwar, mbali huko."

"Na mimi?"

"Usiniulize leo, Kim. Shika hapa."

Walizungusha chuma pamoja, bega kwa bega. Udongo ulitoka mweusi, kisha mwekundu. Kila bonge Tabby alilifunga haraka ndani ya mfuko kabla halijapigwa na upepo. Kisha ukungu ukashuka kutoka msituni, mwanga ukapungua, na chuma kikagonga tabaka gumu.

"Bado hatujafika," Tabby alisema.

"Kesho."

"Kesho."

Wakafunika shimo kwa nailoni, mawe pembeni, maji mapya yasiingie.

"Utalala wapi?" Kimaiyo aliuliza.

"Kwa mama yako. Nilimpigia asubuhi. Ameniuliza kama nakunywa mursik, yale maziwa yenu ya kibuyuni."

Tabby akamshika Kimaiyo mkono, wenye matope kama wake. Matone ya kwanza yakaanza kugonga nailoni, nao wakabaki wamesimama, wakisikiliza kama nailoni itashika.