Taa ya Yusti na Nyota Arobaini na Nane

Kila siku walipotoka shule, Tika na binamu yake Yusti walivua sare, wakala mahindi ya kuchemsha na maharagwe, kisha wakanawa mikono kwa sabuni na kuketi sakafuni katika nyumba ya bibi yao. Mikono michafu haikuruhusiwa kugusa nyuzi. Bibi Lering alikuwa mpole kwa mambo mengi, lakini si kwa hilo.

Mbele yao kulikuwa na fremu ya mbao iliyotandwa nyuzi nyeupe za pamba. Kazi yao ilikuwa kuhesabu nyuzi, kuzikusanya mafungu madogo madogo na kuyafunga kwa chane za majani ya mvumo, kwa kukaza sana. Baadaye Bibi angezitumbukiza nyuzi zote katika chungu cha nili, kisha azifume ziwe nguo. Palipofungwa pangebaki peupe, pakifanya mchoro wa nyota, na palipo wazi pangekuwa na rangi ya bluu iliyokolea. Ukikosea fundo kabla ya rangi, unafungua na kufunga upya. Ukikosea na rangi ikaingia, basi, kosa hilo litavaliwa mpaka nguo ichakae.

Nguo hii ilikuwa ya mama yake Yusti. Miaka minne iliyopita aliondoka hapo kijijini, katika kisiwa cha Flores, akaenda Malaysia kufanya kazi kwenye mashamba ya michikichi. Yusti akabaki kulelewa na Bibi, naye Tika alirudi kwao kila jioni. Sasa mama alikuwa anarudi Pasaka, na Yusti, msichana wa miaka kumi na mitatu, alitaka amvishe nguo iliyofungwa kwa mikono yake mwenyewe.

Mvua za Januari zilikuwa zimeanza. Hata saa tisa alasiri nyumba ilikuwa na giza kama ndani ya gunia. Ndipo jirani aliyeshuka melini akaleta kifurushi kutoka kwa mama Yusti. Ndani mlikuwa na taa ya ajabu. Haikuwa ya kushika wala ya kutundika. Ilivaliwa shingoni, na ncha zake mbili zilikunjika upande wowote, kila ncha na balbu yake ndogo. Yusti alipoivaa, mwanga ulianguka moja kwa moja mapajani pake, na mikono yake yote miwili ikabaki huru kufanya kazi.

"Bibi, tazama! Naona hadi vinyweleo vya uzi!"

"Mwanangu amefikiria vizuri," alisema Bibi Lering, akipapasa taa kwa vidole vyake vilivyotiwa bluu na nili ya miaka mingi. "Basi Yusti, wewe utafunga nyota za katikati. Tika atafunga pindo."

Tika aliitupa chane yake sakafuni. Alikuwa na miaka kumi na miwili tu, lakini mikono yake ilikuwa myepesi kuliko ya Yusti, na kila mtu alijua. Nyota za katikati zilipaswa kuwa zake.

"Unafanana na ng'ombe aliyevishwa nira," alisema.

Yusti akacheka. "Ng'ombe anayeona! Njoo ukae hapa karibu, mwanga unatutosha sote."

"Sitaki makombo ya mwanga wako," alijibu Tika, akasogea mbali zaidi, mahali ambapo hakuona vizuri hata kucha zake.

Tangu siku hiyo taa ile ilimkera kama mchanga ndani ya kiatu. Yusti akiivaa kusomea, Tika alikunja uso. Wageni wakiisifu, Tika alikwenda kuchota maji ambayo hayakuhitajika. Hata kicheko cha Yusti, alichokipenda tangu utotoni, sasa kilimwasha masikioni.

Jumatatu moja Yusti alikwenda mazoezi ya kwaya, na Bibi alikuwa uani akikoroga nili. Tika akaichukua taa, akaivaa. Alifungua kitabu chake cha sayansi, na herufi zilikaa wazi kama zimechapwa upya. Aligeuza kurasa kwa mkono mmoja huku mwingine ukichezea chane. Raha iliyoje! Kwa nini isiwe yangu, aliwaza. Alipomsikia Yusti anarudi, aliivua haraka. Angeweza kuizima na kuirudisha mahali pake. Badala yake aliiacha ikiwaka, akaifunika kwa mto na kuusukuma pembeni. Na imwishie chaji, alisema moyoni.

Ikamwishia kweli. Umeme ulikuwa umekatika kijijini tangu Jumatatu asubuhi, na Jumanne ulikuwa haujarudi. Yusti alibonyeza kitufe mara kumi.

"Jana asubuhi, kabla umeme haujakatika, niliijaza. Imekuwaje?" aliuliza.

Tika aliinamia pindo lake. "Labda ni mbovu."

Nili ilikuwa inakaribia kuiva, na nili ikiiva haisubiri. Yusti akafunga gizani, macho yakikaribia kugusa nyuzi. Jioni Bibi Lering akapitisha vidole juu ya kazi. Macho yake yalikuwa yamechoka, lakini vidole vyake vilisoma nyuzi vizuri.

"Nyota hii imehama," alisema. "Hii pia. Umeruka fungu zima, Yusti. Mafundo matatu hayakukazwa."

"Bibi, taa iliisha..."

"Iliisha kwa kuichezea. Ulipopewa taa ukadhani kazi itajifanya yenyewe. Kuanzia kesho Tika atamalizia katikati."

Yusti alikaa akichanachana kipande cha chane mpaka kikawa kama uzi. Na Tika, aliyepata alichokitaka, alishangaa kuona hakina utamu.

Siku iliyofuata umeme ulirudi. Tika alipoketi mbele ya fremu, Yusti alikuja nyuma yake akamvisha taa shingoni. Ilikuwa imejaa.

"Chukua," alisema. "Mkono wako mwepesi kuliko wangu. Nataka tu mama aikute imekamilika."

Taa ile haikuwa nzito kuliko embe, lakini siku hiyo ilimlemea Tika shingo. Alifungua mafundo yaliyokosewa, akayafunga upya. Chini ya mwanga aliona jinsi Yusti alivyofunga nyota zile za mwanzo, kila moja kwa uangalifu, ncha za chane zikiwa zimekatwa sawasawa. Alizihesabu pamoja na alama za zile ambazo hazijafungwa.

"Dada Yusti, mbona ni arobaini na nane? Bibi huweka arobaini."

"Ni miezi," alisema Yusti polepole. "Ya mama kuwa mbali. Moja kwa kila mwezi. Ikifika Pasaka inatimia."

Tika akaendelea kufunga. Alifika nyota ya arobaini na saba. Ya mwisho mkono ulikataa kuifunga.

Jumamosi asubuhi, kabla ya kufunua chungu, Bibi Lering alifanya alivyofanya siku zote, kama mama yake alivyomfundisha. Hakuna aliyekaribia nili akiwa na ugomvi na mtu wa nyumbani. Rangi haishiki, alisema.

"Mwenye jambo moyoni alitue hapa kwanza." Kisha akapapasa nyuzi. "Na nyota hii ya mwisho mbona iko wazi?"

Tika alitazama kifuniko cha chungu. Angefunga mdomo, nyuzi zingeingia chunguni, na Yusti angebaki mzembe machoni pa Bibi daima.

"Ni mimi," alisema. "Niliiacha taa ikiwaka chini ya mto. Kwa makusudi. Yusti hakuichezea. Nilimwonea wivu, Bibi."

"Wewe!" Yusti aligeuka, machozi yakimlenga. "Nilikuita ukae karibu nami! Miaka minne, Tika, kila jioni unaenda zako nyumbani kwa mama yako. Mimi niliwahi kusema nini? Unataka taa? Ichukue, nipe mama yako!"

Tika alilia, naye hakujitetea.

Bibi Lering aliinama akaketi juu ya kigoda, akamvuta Yusti kwanza. "Nisamehe, mjukuu wangu. Nilikuhukumu bila kukuuliza. Nili itangoja mpaka mchana. Ikikataa, tutaandaa nyingine."

"Dada, nisamehe," alisema Tika. "Sitagusa nyota hiyo. Ni yako."

Yusti alifuta pua kwa mgongo wa mkono. Mwishowe akaivaa taa, akaketi mbele ya fremu. Akakunja ncha moja ya taa upande wake, na ncha ya pili akaikunja upande wa kushoto, mahali pasipokuwa na mtu.

"Basi njoo," alisema bila kugeuka. "Shika nyuzi nami nikaze. Na usipumue kwa nguvu, utanipeperushia chane."

"Sipumui kabisa," alisema Tika, na Yusti, ingawa hakutaka, akacheka kidogo.

Wakaifunga pamoja. Mchana nyuzi ziliingia kwenye chungu, na nili ilikuwa bado nzima. Ziliingia na kutoka siku nyingi, mpaka bluu ikakolea. Siku ya kukata mafundo, nyota zilitokea moja baada ya nyingine, nyeupe kama meno ya mtoto. Zilitimia arobaini na nane, na hakuna iliyohama.

Bibi Lering akazipapasa, kisha akawaweka wajukuu wake kulia na kushoto.

"Tika, wivu ulikuonyesha kitu kimoja tu alichonacho mwenzako, ukakuficha anachokosa. Siku nyingine ukimwona mtu amepata kitu, keti karibu naye kwanza, umwangalie vizuri. Na ukikosea, sema mapema, kabla rangi haijaingia."

"Ndiyo, Bibi."

"Haya, nani ananiazima hiyo taa? Nami nataka kuziona hizo nyota."

Yusti akamvisha Bibi taa shingoni, na Tika akaiwasha.