Anajibu Maswali ya Mabosi, Hanijibu Mimi

"Haya wapendwa, swali la leo," Ochieng aliandika kwenye grupu la mchezo. "Orvek, bosi wa geti la saba, kanuni inamruhusu mazimwi sita. Kwa nini kila mara anaingia ulingoni na matano?"

Annah hajamaliza hata kusoma, jibu likaingia.

"Nafasi ya sita ni ya zimwi lake la kwanza, lile lililopotea. Hajaijaza mpaka leo. Rahisi hiyo, leteni ngumu!"

Aliyejibu ni Bruce Mutsinzi, mchumba wake Annah.

Ilikuwa Jumapili mchana. Annah alikuwa ameketi kitandani, chumbani kwake Ndera, Kigali, mvua ikipiga mabati. Akafungua ujumbe aliomtumia Bruce tangu Alhamisi: "Mama ameteleza bafuni, amevunjika nyonga, amelazwa. Nipigie tafadhali."

Tiki mbili za bluu. Chini yake, hakuna kitu.

Bruce aliondoka kwenda kusoma Poland mwaka juzi. Kabla ya safari alimfundisha Annah mchezo ule wa kwenye simu: unakamata mazimwi, unayafuga, unakwenda mji hadi mji kupigana na mabosi wanaolinda mageti. "Tukiwa mbali tutakuwa na kitu cha kufanya pamoja," alisema. Akamweleza kisa cha Orvek, akamshika mkono: "Nafasi yako itabaki wazi hivyohivyo."

Mwezi wa nane wazazi wa Bruce walikuwa waje na ng'ombe wa mahari.

Annah akampigia. Simu ikakatwa, ujumbe ukafuata: "Niko kwenye mtihani baby, nitakupigia."

Mtihani, Jumapili! Na kwenye grupu Bruce huyohuyo anaandika: "Ochieng, umelala? Swali!"

Annah aliingia kwenye grupu lile kwa laini ya ofisini, kule Kanombe anakoshughulikia mizigo ya ndege. Bruce hakuijua namba ile. Hakuingia kumpeleleza. Alimkumbuka tu, akataka amsikie akiongea, hata kama anaongea na wengine.

Simu ikalia tena. Safari hii ni Ochieng, faraghani.

"Samahani dada, mimi ndiye admini. Kila swali unasoma, hujibu hata moja. Unaogopa kukosea?"

"Majibu ninayo. Sina haraka."

"Basi Mutsinzi atakuacha mbali. Hata mimi ninayetunga maswali ananichosha."

"Anajibu haraka hivyo kila siku?"

"Wako wawili, dada! Yeye anaandika, mkewe anakumbuka. Timu ya mke na mume utaishinda wapi?"

Annah akaandika, akafuta, akaandika tena.

"Mke?"

"Si Pretty! Walioana Desemba. Picha za harusi alizirusha humuhumu, wewe hukuwa umeingia bado. Ngoja nikutumie."

Picha ikafunguka. Bruce amesimama kwenye ngazi zenye theluji, mwanamke mwenye shela amemwegemea begani. Bruce amevaa suti ya kijivu. Kitambaa cha suti ile Annah ndiye aliyekichagua, na ndiye aliyempeleka Bruce kwa fundi.

"Dada, upo?"

"Nipo. Mimi ni mchumba wake."

Ochieng akawa anaandika, anaacha, anaandika.

"Haki sikujua," aliandika mwishowe. "Pole sana."

Annah hakulia. Alimpigia Bruce kwa laini ileile ya ofisini. Ikapokewa mara moja.

"Halo?" Sauti ya mwanamke.

"Naomba Bruce."

"Iko anaoga. Ni nani?"

"Annah."

"Yoo! Annah wa Kigali? Wifi yangu!" Sauti ikachangamka. "Bruce aliniambia dada yake anaitwa Annah. Na mama, anaendelea namna gani? Bruce alilia ile siku mama alianguka."

Annah alishika ukingo wa kitanda. Kumbe ujumbe wake ulisomwa vizuri kabisa. Ulisomwa, ukatumika.

"Mama anaendelea vizuri," alisema.

"Imana ishimwe, Mungu asifiwe! Mimi iko najifunza Kiswahili yenu, pole pole. Na ile mchezo pia, mabosi yote niliweka kwa kichwa juu ya Bruce. Si unamujua? Ukikosa kujua mabosi, jioni inakuwa mrefu. Yeye anacheza, wewe unabaki peke yako."

Annah alifumba macho. Alijiandaa kumchukia mwanamke huyu, na sasa chuki ikakosa pa kukaa.

"Naujua upweke huo," alimwambia. "Pretty, keti kidogo."

"Iko nimekaa."

"Mimi si wifi yako. Mama aliyelazwa ni mama yangu mimi. Kina Bruce wanakuja kwetu mwezi wa nane na ng'ombe, kunitolea mahari."

Kule upande wa pili ikabaki sauti ya maji yakimwagika. Kisha maji yakanyamaza, mlango ukafunguliwa.

"Nani huyo?" Bruce aliuliza kwa mbali.

"Dada yako," Pretty alijibu, sauti imekauka. "Ongea na dada yako."

"Annah? Annah, sikiliza," Bruce alinong'ona. "Hii ni ndoa ya makaratasi tu, ya kupata kibali cha kukaa..."

"Mwambie yeye hivyo. Si yuko hapo?"

Bruce akarudia jina lake tu.

"Mwambie, Bruce. Nisikie."

Annah alimsikia akihema. Mahali fulani nyuma yake Pretty alikuwa ameanza kulia, taratibu, kama mtu asiyetaka kusumbua majirani. Bruce hakumwambia. Annah akakata simu.

Jioni alikwenda hospitali na chupa ya chai. Mama yake, Mukasine, alikuwa amelala chali, anatazama dari.

"Kina Mutsinzi wamesema tarehe ngapi?" mama aliuliza.

"Hawaji, mama." Akamweleza yote.

Mama akaondoa macho darini, akamtazama.

"Nililazwa Alhamisi," alisema. "Ijumaa hakupiga, Jumamosi hakupiga. Mtu anayeshindwa kukupa pole, ng'ombe atakupa wapi? Nilijua, mwanangu."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungenichukia mimi, ukamtetea yeye."

Hapo ndipo Annah alipolaza kichwa pembeni mwa godoro na kulia, machozi yaliyongoja tangu mchana. Mama alimpapasa nywele mpaka kwikwi zikapungua.

"Umekula?"

"Sijala."

"Basi mimina hiyo chai, unywe wewe kwanza."

Katikati ya wiki Ochieng aliandika tena. "Mutsinzi ameondoka kwenye grupu. Jumamosi mchana sisi wa Kigali tuna shindano la ana kwa ana, Muhima, mkahawa ulio juu ya maduka ya vitambaa. Usije kwa ajili yangu. Njoo tu."

Annah nusura asiende. Alipanda ngazi, akashuka, akapanda tena. Ndani watu walikuwa wamekaa wawiliwawili. Mlangoni, msichana anayeitwa Gaju alikuwa anapanga timu.

"Mwenzako iko wapi?"

"Sina."

"Basi kaa peke yako. Haina shida."

Akakaa meza ya kona. Ochieng, mrefu, mwembamba, alimtambua kwa kuwa peke yake, akampungia mkono kidogo tu, akaendelea na maswali yake.

"Swali la kwanza! Bosi gani wa geti aliwahi kuwa daktari wa mazimwi?"

Annah alinyoosha mkono kabla hajajishauri.

"Sanna! Geti la tatu!"

"Umekosa! Sanna alikuwa mpishi!"

Mkahawa mzima uliangua kicheko. "Sanna na sindano, mama weee!" mtu alipiga kelele. Annah alihisi uso unamchoma, kisha akacheka nao mpaka akapangusa macho.

Akavuta kiti mbele, akasubiri swali la pili.